UZEE SI ZAMBI, WALA MAKUNYANZI SI AIBU

Fundisho kwa wamama wanaokaribia miaka 40 na 50, na kwa wababa wanaoishi nao

Masomo: Isaya 46:3-4, 1 Petro 3:3-4, Kutoka 34:29-35

 

Mwezi huu tunaleta neno ambalo halijazoea kusemwa kwenye mimbara. Wengine watashangaa na kuuliza: "Kanisa linaingia hata ndani ya kioo cha mama?" Ndiyo, wapendwa. Kama mama anapigana vita mbele ya kioo kila asubuhi, Neno la Mungu litaingia humo pia. Wamama wengi wamewafikia wachungaji na viongozi wa chama cha wamama na swali moja: "Mimi ni Mukristo, ninakaribia miaka 45. Uso wangu unaanza kukunjana. Nasikia kuna sindano ya kuurudisha. Ni zambi ama si zambi?"

Kujibu mbio ni rahisi. Mutu mumoja atasema: "Ni zambi," na kufunga mulango. Mwingine atasema: "Mungu anaangalia roho, fanya unavyotaka." Majibu yote mawili yanamuacha yule mama peke yake na woga wake. Sisi tutatembea polepole, tukiangalia kwanza kitu chenyewe, halafu woga unaokaa nyuma yake, halafu Neno la Mungu.

1. HII SINDANO NI KITU GANI?

Tusikatae wala tusikubali kitu ambacho hatukijui. Sindano inayosemwa zaidi inaitwa Botox. Dawa iliyo ndani yake inatoka katika sumu ya kidudu kidogo kisichoonekana kwa macho, kidudu kinachoweza kuingia katika chakula kilichohifadhiwa vibaya. Karibu na mwaka 1820 munganga mumoja Mujerumani, Justinus Kerner, aliandika juu ya watu waliokula soseji zilizoharibika, wakalegea viungo, wakashindwa kumeza na kupumua. Ile ndiyo sumu yenyewe. Ni kati ya sumu kali kuliko zote zinazojulikana duniani.

Baadaye waganga walijifunza kuitumia kwa kipimo kidogo sana. Katika Marekani munganga wa macho Alan Scott aliitumia kwa watu wenye makengeza, na mwaka 1989 serikali ya kule iliikubali kwa magonjwa ya macho. Katika muji wa Vancouver, Kanada, munganga mwingine wa macho, mama Jean Carruthers, aliona kwamba wagonjwa wake waliochomwa karibu na jicho walipotewa na makunyanzi ya kati ya nyusi. Yeye na mume wake Alastair, munganga wa ngozi, waliandika habari hiyo mwaka 1992. Mwaka 2002 Marekani ikaikubali kwa kulainisha uso. Tangu hapo jambo limeenea dunia yote.

Inafanya kazi namna gani? Inakata habari kati ya mushipa wa fahamu na nyama ndogo ya uso. Ile nyama haisikii tena amri ya kujikunja, na ngozi iliyo juu yake inatulia. Lakini kwa kawaida inatulia kwa miezi 3 ama 4 tu, halafu makunyanzi yanarudi, na anayetaka kubaki vile inampasa kuchomwa tena, na tena. Shikeni neno hili, tutalirudilia.

Kuna sindano ya pili, ya majimaji mazito kama jeli, ambayo wanatia chini ya ngozi kwa kujaza mashavu na midomo. Yenyewe hailegezi nyama, inajaza nafasi. Hatari yake kubwa ni kuingia ndani ya mushipa wa damu na kuuziba. Hapo ngozi inaweza kufa, na hata jicho linaweza kupofuka.

Na kwetu tunajua sindano ya tatu, na vidonge, na mafuta: vile vya kujichubua, kugeuza ngozi nyeusi kuwa nyeupe. Hii iliingia katika nyumba zetu zamani kabla ya zile mbili. Mafuta mengine yana zebaki, inayoharibu figo. Mengine yana dawa kali zinazofanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi, hata siku mama anapopasuliwa hospitalini kidonda kinakawia kupona. Wamama waliokaa na wagonjwa wao katika chumba cha uzazi hawana lazima ya kuambiwa jambo hili mara mbili.

Tuseme haki: sumu ile ile, mukononi mwa munganga anayejua, inasaidia wagonjwa kweli kweli. Inasaidia mutoto ambaye miguu yake imekazana kwa ugonjwa wa ubongo, mutu ambaye kope zake zinajifunga bila yeye kutaka, na mwenye kuumwa kichwa kila mara bila kupona. Mama aliyeandikiwa sindano hiyo na munganga kwa ugonjwa asihukumiwe na mutu. Hatukatazi kazi ya waganga. Luka mwenyewe, aliyeandika Injili, alikuwa munganga.

2. WOGA UNAOKAA NYUMA YA SINDANO

Sasa tuulize: kwa nini mama mwenye akili, aliyezaa na kulea, aliyepita vita na njaa na kukimbia na mizigo kichwani, anaogopa mistari midogo mitatu pembeni ya jicho? Tumesikia wamama. Woga wao uko wa namna tatu.

Woga wa kwanza ni mume. Mama anasema: "Mume wangu hatazami tena uso wangu. Anachelewa kurudi. Nasikia kuna biro ya pili, kijana wa miaka 24." Mama huyu hatafuti uzuri. Anatafuta kulinda nyumba yake, chakula cha watoto wake, kitanda chake. Tusimucheke.

Woga wa pili ni macho ya wamama wengine. Mumoja anarudi kutoka Ulaya, ama Dubai, ama Afrika ya Kusini, uso umelainika kama wa binti. Siku ya arusi wote wanamuzunguka. Picha zinatembea katika simu, na picha za simu zenyewe zinasafishwa kwa mashini mupaka hakuna ngozi ya mutu inayobaki. Mama wa Kolwezi ama wa Bukavu anaangalia picha, anaangalia kioo, anaona kioo ndicho kinachosema uongo.

Woga wa tatu hausemwi kwa sauti, lakini tutausema hapa, sababu unatugusa sisi watu wa maombi kuliko wengine. Katika inchi yetu, uso wa mwanamuke muzee umefanywa uso wa muchawi. Akikunjana, macho yakiwa mekundu kwa moshi wa jiko la miaka 50, mutoto wa jirani akiugua, watu wanaanza kunong'ona. Mwaka 2021, katika Kivu ya Kusini, wanawake walishitakiwa uchawi na kuuawa na makundi ya watu, na mashitaka mengine yalitoka katika vinywa vya watu waliojiita manabii. Wapendwa, tunawezaje kumuambia mama asiogope kuzeeka, kama sisi wenyewe tumefanya uzee kuwa hatari ya kifo?

Basi tunasema waziwazi: nabii yeyote anayetazama makunyanzi ya mama na kutangaza uchawi, hakutumwa na Mungu. Na yule anayemuambia mama kwamba uso wake "umefungwa" na adui, kisha anamuuzia mafuta ya kuufungua, ni mufanyabiashara. Yeye na muuzaji wa sindano za uongo wanakula katika sahani moja. Zawadi ya unabii ilitolewa kwa kujenga kanisa na kuwafariji watu. Haikutolewa kwa kuwatisha wajane.

3. MAANDIKO YANASEMA NINI?

Wahubiri wengi wanakimbilia habari ya Yezebeli, katika 2 Wafalme sura ya 9, sababu alipaka macho yake rangi na kupamba kichwa chake kabla ya kufa. Wanasema: "Munaona? Kujipamba ni kwa Yezebeli." Lakini tusome vizuri. Yezebeli alihukumiwa kwa damu ya Naboti, mutu ambaye alimuzulia mashitaka ya uongo kusudi shamba lake lichukuliwe. Habari hiyo iko katika 1 Wafalme sura ya 21. Rangi ya macho haikuwa kosa lake. Anayefanya Yezebeli kuwa fimbo ya kumupiga kila dada anayejipamba anaficha zambi kubwa ya malkia yule: kunyanganya mali ya mutu zaifu na kumwaga damu.

Na tusome pia Esta, sura ya 2. Mabinti waliotayarishwa kwenda mbele ya mufalme walipakwa mafuta miezi 6, na manukato miezi 6 mingine. Maandiko hayamulaumu Esta kwa hayo. Lakini tazameni: siku watu wake walipotaka kuangamizwa, mafuta hayakuwaokoa. Aliwaokoa kwa kufunga siku tatu na kwa kukubali kufa kama ni lazima. Uzuri ulimufikisha mulangoni. Moyo ndio ulioingia ndani.

Mutume Petro, katika barua yake ya kwanza, sura ya 3, anawafundisha wanawake kwamba pambo lao lisiwe la nje tu, la nywele na zahabu na nguo, lakini lile la moyo wa siri, roho ya upole na utulivu, ambayo mbele ya Mungu ina samani kubwa. Kisha anamutaja Sara. Fikirini juu ya Sara! Katika Mwanzo sura ya 12 Wamisri wanasifu uzuri wake, na mwanamuke huyu alikuwa amepita miaka 60. Uzuri ule ulimuletea taabu, akapelekwa katika nyumba ya Farao. Lakini baraka ilikuja akiwa na miaka 90, wakati yeye mwenyewe alicheka akijiona amekauka. Mungu hakumurudisha Sara kuwa binti kwanza ndipo amutumie. Alimutumia na uzee wake, na makunyanzi yake, na kicheko chake.

Nabii Isaya, katika sura ya 46, anaonyesha miungu ya Babeli ikibebwa juu ya nyama mizigo, mizito, ikiwachosha wanaoibeba. Halafu Mungu wa Israeli anasema neno la ajabu: yeye ndiye anayebeba watu wake tangu tumbo la mama, na atawabeba mupaka uzee wao, mupaka mvi zao. Wamama, shikeni tofauti hii. Sanamu inabebwa. Mungu anabeba. Kitu kinachotaka umubebe kila miezi 3, umulipie, umuogope, ujifiche kwa ajili yake, kinafanana na nini? Jibu mwenyewe mbele ya Mungu.

4. USO UNA KAZI

Mungu hakutupa uso kwa kupigwa picha tu. Mutoto muchanga hajui neno hata moja, lakini anasoma uso wa mama yake: anajua kama amani iko, anajua kama hatari iko. Mume aliyetoka kazini bila mushahara anasoma katika uso wa bibi yake kama usiku huu atafarijiwa ama atalaumiwa. Kwenye kilio, wakati maneno yamekwisha, tunakaa chini na kuliana nyuso kwa nyuso. Mutume Paulo, katika Waroma sura ya 12, alituagiza kulia pamoja na wanaolia. Nyama za katikati ya nyusi, zile ambazo sindano inalegeza, ndizo zinazokunjana tunapomuhurumia mutu na tunapoomba kwa nguvu. Makunyanzi ya mama wa maombi ni kama njia ya miguu katika majani: inaonyesha mahali alipopita mara nyingi.

Na kuna jambo lingine. Katika Kutoka 34 Musa alishuka mulimani na uso wake ukiwaka, hata watu wakaogopa kumukaribia. Wakati ule alikuwa amepita miaka 80. Hakuna mutu aliyesema: "Tazama makunyanzi ya Musa." Na Maandiko yanaongeza kwamba yeye mwenyewe hakujua kama uso wake ulikuwa uking'aa. Hakuwa na kioo. Aliupata mwangaza ule kwa kukaa siku nyingi na Mungu, akiwa anafikiri juu ya watu, hafikiri juu ya ngozi yake. Ni mwangaza ambao hauuzwi katika saluni, na miezi 3 haiumalizi.

Sisi tulio watoto wa kanisa lililozaliwa katika mateso tuna ushuhuda mwingine wa nyumbani. Mwaka 1921 Papa Simon Kimbangu alifungwa, akahukumiwa kufa, hukumu ikageuzwa kifungo cha maisha, akaletwa hapa Katanga na kufia katika kifungo kule Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, tarehe 12 mwezi wa 10 mwaka 1951. Aliyebaki ni Mama Mwilu Marie, na watoto watatu wanaume, mukubwa wao akiwa na miaka 7.  Alizeeka akibeba kanisa kwa siri, waamini wakija kwake usiku, wengine wakihamishwa mbali na kwao. Alikufa mwezi wa 4 mwaka 1959. Mwezi wa 12 wa mwaka ule ule serikali ya wakoloni ikaruhusu kanisa kuabudu waziwazi. Hakuna Mukristo hata mumoja leo anayeuliza kama ngozi ya Mama Mwilu ilikuwa laini. Tunauliza alipata wapi nguvu. Miaka iliyoingia katika uso wake ndiyo ile iliyotuzaa.

5. MASWALI MANNE YA KUJIULIZA

Hatutaandika sheria mupya ya kanisa juu ya sindano. Tunatoa maswali manne. Mama ayachukue kwenye maombi, ajijibu bila kujidanganya.

Kwa ajili ya nani? Kama ni kwa ajili ya mume anayetanga, sindano haitamurudisha. Mutu anayefuata ujana ataukimbilia ujana mupya kila mwaka, na wewe hutaweza kushindana na kila kizazi kinachozaliwa. Mume wa namna hiyo anahitaji toba. Hakuna toba inayopatikana kwa kuchoma uso wa bibi yake.

Kwa feza gani? Tumesikia wamama wanaoweka zamu yao ya likelemba kwa kulipa sindano ama dawa ya kujichubua. Likelemba ilizaliwa kwa masomo ya watoto, kwa hospitali, kwa mutaji wa soko. Kama feza ya uso inatoka katika feza ya masomo, basi mutoto ndiye analipa. Na kumbuka kwamba si garama ya mara moja. Ni deni linalorudi na kugonga mulango.

Kwa mukono wa nani? Hapa ni jambo la kufa na kupona. Hata katika Marekani, inchi yenye sheria kali, mwezi wa 4 mwaka 2024 wakubwa wa afya walitangaza kwamba watu walilazwa hospitalini baada ya kuchomwa dawa za uongo za namna hiyo, wengine wakiwa wamechomwa nyumbani na watu wasio na ruhusa. Kama ni hivyo kule, fikiri juu ya chupa isiyo na jina, iliyosafiri katika jua bila kuwekwa mahali pa baridi, ikichomwa na musichana wa saluni aliyejifunzia katika simu. Mama mwenye mimba ama anayenyonyesha aiache kabisa.

Kwa nini unaificha? Kitu unachofanya kwa amani unaweza kukisema mbele ya dada yako katika Bwana. Kama inakubidi kudanganya mume, mama muzazi na kanisa, basi simama kidogo. Giza lile linakuambia jambo.

6. NENO KWA WABABA

Wababa, musikae mukitingisha vichwa kama vile fundisho hili ni la wamama peke yao. Baba anayepaka nywele zake rangi nyeusi kila siku ya arusi, kusudi mvi zisionekane, asimucheke bibi yake kwenye kioo.

Nabii Malaki, katika sura ya 2, anawahukumu wanaume waliomutendea vibaya muke wa ujana wao, na anasema Bwana mwenyewe alikuwa shahidi wa agano lile. Sadaka zao zilikataliwa, hata walipolowesha mazabahu kwa machozi. Kwa hiyo, baba anayeshika matarumbeta katika fanfare ya kanisa siku ya Mungu, na kesho yake anaonekana na binti wa rika la mutoto wake, ajue kwamba sauti ya tarumbeta yake haipandi.

Tena kuna zambi ya ulimi. Baba anasema mbele ya wageni: "Huyu wangu amekwisha, gari ya zamani." Watu wanacheka. Mama naye anacheka, anaingia jikoni, analia. Baba huyo ndiye aliyeshika sindano ya kwanza, na sumu yake ilikwenda ndani kuliko ile ya munganga. Uso wa bibi yako ulikunjana wapi? Ulikunjana usiku ule mutoto alipowaka homa na wewe ulikuwa safarini. Ulikunjana kwenye jua la soko, miezi ile kampani haikulipa. Lile ni kitabu cha nyumba yako. Mutu hazarau kitabu chake mwenyewe.

Basi fanya jambo moja wiki hii. Muambie, mbele ya watoto, kwamba anapendeza. Haulipi franka hata moja kwa neno hilo.

7. NENO KWA DADA ALIYEKWISHA KUCHOMWA

Pengine unasoma fundisho hili na jambo limekwisha kufanyika. Usikimbie kanisa. Hakuna anayekufukuza, na wamama wanaokusengenya kwenye bomba la maji wanafanya zambi iliyo wazi zaidi kuliko ile wanayokutafutia. Mungu ameokoa watu kutoka mambo makubwa kuliko sindano.

Lakini sikia vizuri neno la afya. Kama baada ya sindano kope limeanguka, kama unaona vitu viwiliviwili, kama sauti inabadilika, kama unashindwa kumeza ama kupumua, kama ngozi inageuka nyeupe ama nyeusi na kuuma sana, kama jicho linapoteza mwangaza, nenda hospitali mara ile ile. Dalili zingine zinakuja saa ile ile, zingine siku au majuma baadaye. Usiseme aibu. Muambie munganga ukweli wote, na chupa kama iko umupelekee. Na ninyi mulio na zawadi ya kuombea wagonjwa: dada wa namna hii akija kwenu, muombeeni mukiwa njiani kwenda hospitali. Musimufungie katika chumba cha maombi siku tatu mukitafuta pepo. Tukimuchelewesha kwa jina la Mungu na akafa, damu yake itadaiwa kwetu.

8. MALIZIO

Wamama wapendwa, kuoga, kusuka nywele, kuvaa kitenge kizuri, kupaka mafuta ngozi isikauke, kulala vizuri, kula mboga: hakuna Andiko linalokataza. Mungu aliyevika maua ya shamba hapendi kuona binti zake wamejiachilia. Jipendezeni. Lakini musikubali mutu awauzie woga, halafu awauzie dawa ya woga ule.

Na chama cha wamama kifanye kazi hii: kila mwezi, mama mumoja aliyepita miaka 60 asimame mbele ya mabinti na kueleza maisha yake. Mabinti waone kwamba mbele ya njia kuna mahali pa heshima, hawaendi shimoni. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Kama tunataka mabinti wetu wasiogope kioo wakifika miaka 40, tuwape kitu cha kutazama kilicho kizuri kuliko kioo. Na yule bibi anayekaa peke yake mwisho wa lupango, ambaye watoto wamefundishwa kumukimbia, mumutembelee wiki hii. Mukae naye, mule naye. Hiyo itawafundisha wanawake wa kanisa kutoogopa uzee kuliko mahubiri kumi.

Tuombe:

Ee Baba, wewe uliyetuumba katika tumbo la mama na kuahidi kutubeba mupaka mvi zetu, tazama binti zako wanaosimama mbele ya kioo na woga. Uwaondolee woga. Rudisha wababa katika agano la ujana wao. Linda wazee wetu na ulimi wa uongo. Waponye walioumizwa kwa sumu na mafuta mabaya. Na uso wako uangaze juu yetu, kusudi nasi tuangaze bila kujua. Katika jina la Yesu Kristo, Mwana wako. Amina.